p haitoki, au imetoka lakini haiaminiki: kutafuta hitilafu katika utafiti wa pombe kwa wanafunzi wa vyuo Unguja na Pemba

Kila ukikaribia wakati wa kukabidhi tasnifu, wanafunzi hunijia na kompyuta zao wakiwa na lalamiko moja: "p haitoki," yaani ile namba inayotolewa na jaribio la takwimu, ambayo nitaieleza punde. Mwengine imemtoka, lakini msimamizi ameizungushia wino mwekundu. Nimeona niandike namna ninavyozikagua kazi hizi, hasa zinazohusu unywaji wa pombe, kwa sababu mada hii ina hitilafu zake. Vitabu tunavyosomea takwimu viliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mwanafunzi akiulizwa amekunywa bia ngapi wiki iliyopita, hutaja idadi na kuendelea na shughuli zake. Kwetu karibu watu wote ni Waislamu, pombe ni haramu, na inauzwa kwenye mahoteli na mabaa machache yenye leseni. Lakini minazi inagemwa, wageni wanakuja, na vijana wa chuo ni vijana.

Kwa hiyo sifuri katika data zetu ni ya aina mbili: sifuri ya asiyekunywa na sifuri ya anayeficha. Kompyuta inaziona sawa, na hitilafu nyingi nitakazozieleza zinatokana na hilo. Ndiyo maana nayaangalia majibu kwanza, hesabu baadaye. Tarakimu za mifano ni zangu, nimezitunga ili kuonyesha hesabu tu. Si matokeo ya utafiti wowote.

Jambo moja tuliweke sawa kabla. Nadharia tete sifuri ni ile inayosema hakuna kitu: kwa mfano, wanaokaa dakhalia na wanaokaa kwao hawatofautiani katika kunywa. Thamani ya p inajibu swali dogo sana: ikiwa kweli hakuna tofauti, ni mara ngapi bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii niliyoiona, au zaidi? Haijibu zaidi ya hapo. Kwa mazoea, p ikiwa chini ya 0.05 husemwa kuwa tofauti "ina maana".

"Wote wamejibu kuwa hawanywi"

Dodoso 150, sifuri 150. Programu inakataa kulipima jedwali kwa kuwa safu moja haina mtu, na mwanafunzi anakaribia kuandika kwamba utafiti umebaini hakuna unywaji chuoni.

Hata tukiyaamini majibu yote, sifuri kati ya 150 haimaanishi sifuri chuo kizima. Iko kanuni nyepesi: ukipima watu n usipate hata mmoja, mpaka wa juu wa kiwango halisi, kwa uhakika wa asilimia 95, ni takriban 3 kugawanya kwa n. Hapa ni 3 kwa 150, yaani asilimia 2. Chuo chenye wanafunzi 3,000 kinaweza kuwa na wanywaji 60 na bado sampuli yako ikatoka tupu. Na hiyo ni endapo kila mmoja amesema kweli.

Sasa uliza dodoso lilijazwa wapi. Hapa nilikosea mwenyewe, na kosa hilo sijalisahau. Nilipokusanya data kwa mara ya kwanza niligawa karatasi darasani dakika kumi kabla ya kipindi kwisha. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, karatasi ya mahudhurio inazunguka pamoja na dodoso langu, na ukurasa wa kwanza unataka saini ya ridhaa. Nilimtaka mtu aandike jambo linaloweza kumharibia chuoni na nyumbani, na bega lake limegusana na la mwenzake. Sifuri nilizozipata zilikuwa picha ya chumba kile, hazikuwa picha ya maisha ya wale wanafunzi.

Dawa ya kwanza haina gharama. Usikusanye darasani, na wala mwalimu asiwepo. Tumia sanduku lenye tundu juu, kila mtu atumbukize karatasi yake iliyokunjwa. Iombe kamati ya maadili ikuruhusu ridhaa ya mdomo badala ya saini, kwa sababu saini huondoa ile siri uliyoiahidi mstari wa juu yake. Usiulize jina la shehia, kozi, mwaka wa masomo na umri vyote kwa pamoja ikiwa huvihitaji vyote. Mwanafunzi mwerevu anajua kuwa mambo manne hayo yanamtaja.

Dawa ya pili ni ya hesabu. Mwaka 1965 mtafiti Stanley Warner alitoa njia ya kuuliza swali la siri kwa kutumia bahati nasibu, ili muulizaji asijue mtu amejibu nini. Yako matoleo mengi ya njia hii. Lile linalopendwa sana humtaka mtu arushe sarafu kwa siri: ikija kichwa aseme "ndiyo" kwa vyovyote vile, ikija upande wa pili aseme kweli. Kwetu silipendekezi. Mtu asiyekunywa, mwenye dini yake, unamtaka atamke "ndiyo, nimekunywa" kwa amri ya sarafu. Wengi hawatatii, na wana haki. Hesabu yako itapinda bila ya wewe kujua.

Toleo linalofaa zaidi hapa ni la maswali mawili. Sarafu inachagua swali la kujibiwa: kichwa, "Je, umekunywa pombe siku 30 zilizopita?", upande wa pili, "Je, namba ya simu ya mama yako inaishia 0, 1 au 2?" Kila mtu anasema kweli, na hakuna mwengine anayejua amejibu swali gani. Tunakisia kuwa watu 3 kati ya 10 wana namba inayoishia hivyo. Tuseme umeuliza wanafunzi 200, "ndiyo" zimekuja 48, yaani 0.24. Nusu ya watu wamejibu swali la pombe na nusu wamejibu la simu:

0.24 = 0.5 × kiwango + 0.5 × 0.3

Kiwango kinatoka 2 × 0.24 − 0.3 = 0.18, asilimia 18. Lakini siri ina bei yake. Ungeuliza moja kwa moja na watu wakasema kweli, kosa sanifu, yaani kipimo cha kuyumba kwa kadirio lako, lingekuwa karibu 0.027. Kwa njia hii ni 0.060, na mipaka ya asilimia 95 inatanuka kutoka takriban asilimia 6 hadi 30. Ukipima nadharia tete sifuri kwamba wanywaji ni asilimia 10, dhidi ya kuwa wamezidi hapo, z, yaani umbali kutoka asilimia 10 ukihesabiwa kwa kosa sanifu, inakuja 1.41 na p karibu 0.08. Usishtuke. Ongeza watu tangu mwanzo, mara nne au tano ya ulivyokusudia. Mimi niko tayari kuchukua jibu pana lililo kweli kuliko jibu jembamba lililo uongo.

"Asilimia imekuwa kubwa mno, msimamizi haamini"

Hitilafu hii ni nadra kuliko ya juu, lakini ikija huja na ukubwa wa kushangaza. Mara nyingi chanzo ni neno.

Soma swali lako kwa sauti. Kama umeandika "ulevi", basi umeuliza mambo mengi kwa mpigo. Mitaani ulevi ni pombe, ni bangi, ni unga. Anayevuta bangi na hajaonja bia maisha yake yote anakujibu ndiyo kwa nia safi. Zaidi ya hayo, neno lenyewe limeshahukumu, na anayekunywa kidogo anajiona halimhusu.

Neno "tembo" nalo lina mtego wa namna yake. Mtu wa Pemba ukimwambia tembo anauona mnazi na mgema. Mwanafunzi aliyevuka kutoka bara anamwona mnyama, au anadhani umekosea kuandika. Andika "tembo la mnazi". Na "chuo"! Kwetu mtoto wa miaka sita anakwenda chuo, na huko anasoma Kurani. Nimeona dodoso lililouliza "Ulianza lini chuo?" likarudi na umri wa miaka 5 na 7, na mwenye utafiti akadhani data zimeharibika. Andika "chuo kikuu" au taja ngazi: cheti, stashahada, shahada.

Jaribu dodoso kwa watu kumi, watano wa Unguja na Pemba na watano waliotoka bara, kisha uwaulize kila swali wamelifahamu vipi. Ni kazi ya siku moja.

"Mkengeuko sanifu umepita wastani"

Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanafunzi ameuliza vipimo vya kinywaji kwa wiki. Amepata wastani 0.9 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kutawanyika kwa majibu, 2.6. Amefanya jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, kati ya wanaume na wanawake, ametoa p, ameendelea na safari. Simama hapo. Kama data hizi zingekuwa na umbo la kengele kama jaribio la t linavyodhani, zaidi ya theluthi ya wanafunzi wangekuwa wanakunywa chini ya sifuri. Hilo haliwezekani. Chora mchoro wa nguzo utaona mwenyewe: nguzo moja ndefu kwenye sifuri, halafu mkia mwembamba unaokwenda kulia hadi kwa mtu mmoja au wawili wenye vipimo 15.

Jaribio la t halina kosa lolote. Lilizaliwa karibu na pombe kuliko wengi wanavyojua: William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na mwaka 1908 alilichapisha kwa jina la bandia la "Student". Shida iliyomkabili ilikuwa ya sampuli ndogo, na hesabu yake ilidhani vipimo vinavyojikusanya karibu na wastani, vichache juu na vichache chini. Data zetu za unywaji hazina sura hiyo. Ni kweli kuwa sampuli ikiwa kubwa, watu mia na kuendelea kila upande, jaribio la t kwa wastani linastahamili kupinda kwa data. Lakini wastani wa 0.9 unamweleza nani? Hakuna mwanafunzi anayekunywa vipimo 0.9. Wapo 164 wasiokunywa kabisa na 36 wanaokunywa wastani wa vipimo 5.

Maswali ni mawili, basi yapime mawili. La kwanza: nani anakunywa na nani hanywi? Hilo ni la asilimia, jaribio lake ni kai-skwea. La pili: miongoni mwa wanaokunywa, nani anakunywa zaidi? Hapo waache wenye sifuri nje, na kwa kuwa mkia ni mrefu, tumia jaribio la Mann-Whitney, linalopanga watu kwa nafasi zao badala ya kuhesabu vipimo vyenyewe. Ripoti mediani, yaani thamani ya mtu wa katikati, usiripoti wastani. Unaweza kukuta wanaume wanaokunywa ni wengi zaidi, na kumbe wanawake wachache wanaokunywa wanalingana nao kwa kiasi. Jaribio moja la t lingeyachanganya hayo mawili, nawe usingejua.

Na vipimo vyenyewe vimetoka wapi? Ukiuliza "chupa ngapi" unajumlisha vitu visivyojumlika. Kipimo cha kinywaji kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani katika dodoso lake la AUDIT ni gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Zidisha kwa 0.789, uzito wa mililita moja ya kileo kwa gramu, unapata karibu gramu 20. Basi chupa moja ni vipimo viwili. Wamarekani wanahesabu kipimo kuwa gramu 14, Waingereza gramu 8, kwa hiyo usichukue namba ya makala ya Chicago ukailinganisha na yako bila ya kuigeuza.

Tembo la mnazi halina lebo. La asubuhi ni tamu na jepesi, la jioni limeshachacha na kuwa kali, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuna namba moja ya kulipa. Uliza mara ngapi mtu amekunywa, wala usijidai kujua gramu. AUDIT yenyewe ina maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40, na alama 8 kwenda juu huhesabiwa dalili ya unywaji wa hatari. Swali lake la kwanza ni la mara ngapi. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, swali hilo moja lililoulizwa vizuri linatosha.

"Programu inaonya kuhusu vyumba vyenye matarajio chini ya 5"

Onyo liko chini ya jedwali la kai-skwea, kwa herufi ndogo, na watu hulikata wanapobandika jedwali kwenye tasnifu. Msilikate. Kai-skwea ni makadirio, na makadirio hayo yanakwenda kombo pale idadi inayotarajiwa kwenye vyumba vya jedwali, kama kweli hakuna tofauti, ni ndogo. Kwetu hali hiyo ni ya kawaida, kwa sababu wanaokiri kunywa ni wachache.

Chukua wanafunzi 60 wa dakhalia, 5 wanakunywa. Na 60 wanaokaa kwao, 1 anakunywa. Matarajio ya wanywaji ni 3 kila upande. Kai-skwea ya kawaida inatoa 2.81, p kama 0.09, na mwanafunzi ataandika kuwa tofauti "inakaribia" kuwa na maana. Jaribio kamili la Fisher, ambalo halikadirii bali linahesabu kila mpangilio unaowezekana, linatoa p ya 0.21. Data ni zile zile. Tumia Fisher. Kama jedwali ni kubwa, skuli nne na viwango vitano vya unywaji, unganisha viwango kuwa "anakunywa" na "hanywi" kabla ya kupima. Usiunganishe baada ya kuona ni muungano upi unaoshusha p.

"p ni 0.4, kwa hiyo wako sawa"

Hawako sawa. Hukuona tofauti, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kuna imani iliyoenea vyuoni kwamba watu 30 kila kundi wanatosha kwa kila kitu. Tuijaribu. Tuseme kwa kweli wanaume wanaokunywa ni asilimia 20 na wanawake asilimia 10. Ni tofauti kubwa, mara mbili. Ukiwa na watu 30 kila upande, utafiti wako una nafasi ya takriban asilimia 19 tu ya kuinasa tofauti hiyo kwa kiwango cha 0.05. Watafiti watano wakifanya kazi hiyo, wanne watarudi wakisema hakuna tofauti, na wote wanne watakuwa wamekosea. Ili nafasi ifike asilimia 80 unahitaji karibu watu 200 kila upande (7.84 ni namba inayotokana na kiwango cha 0.05 na nafasi ya asilimia 80):

n = 7.84 × (0.2 × 0.8 + 0.1 × 0.9) ÷ (0.1 × 0.1) = 196

Hesabu hii inafanywa kabla ya kuchapisha dodoso la kwanza. Aliyekwisha kukusanya data za watu 60 na hana muda wa kurudi, namshauri aandike tofauti ya asilimia pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu, aseme wazi kuwa sampuli haitoshi kuamua. Hakuna msimamizi mwema atakayemfelisha kwa hilo.

"Kila kitu kimetoka na maana"

Kama p ndogo zinamiminika, mimi huuliza mawili. Umepima mambo mangapi? Na waliojibu walipatikanaje?

La kwanza ni hesabu ya bahati. Ukipima mambo 20 ambayo hayana ukweli wowote ndani yake, uwezekano wa kupata angalau p moja chini ya 0.05 ni asilimia 64. Kabila la baba, aina ya simu, kukaa mbele au nyuma darasani: moja litajitokeza. Andika nadharia tete zako kabla ya kukusanya, ziwe tatu au nne. Kama ni lazima upime 20, gawanya 0.05 kwa 20, kizingiti kiwe 0.0025.

La pili linawanasa hata wenye makini. Ulikwenda dakhalia, ukagonga vyumba 50, kila chumba wanafunzi wanne, ukapata 200. Lakini wanaokaa chumba kimoja wanafanana: wamechaguana, wanatoka pamoja, akinywa mmoja mwenzake ana nafasi kubwa ya kunywa. Kila jaribio nililolitaja linadhani jibu la mtu mmoja halikuambii chochote kuhusu mwengine. Ikiwa kufanana ndani ya chumba, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.3, data zako zimevimba kwa 1 + (4 − 1) × 0.3 = 1.9, na watu 200 wana uzito wa kama 105. Ndiyo maana p zako zilikuwa ndogo. Dawa ni kumchukua mtu mmoja kwa kura kila chumba na kwenda vyumba vingi zaidi, au kutumia uchambuzi unaojua vyumba. Kiungo cha dodoso kilichotumwa kwenye makundi ya WhatsApp kina ugonjwa huo huo na mwengine juu yake: hujui nani aliona akakataa kujibu.

"Tumepima kabla na baada, unywaji umeshuka sana"

Nitazame kalenda kwanza. Kama swali lako ni la siku 30 zilizopita na mara ya pili umeuliza Mfunguo Mosi, umeuliza Ramadhani. Walioacha kwa mwezi ule wanaweza wasiwe wameacha. Na anayeulizwa jambo hili baada tu ya kufunga ana haya zaidi ya kukiri. Semina yenu ya uhamasishaji haiwezi kupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwezi mtukufu. Uliza mara zote mbili katika miezi isiyogusa Ramadhani.

Kosa la hesabu linalofuatana na hili ni kuwachukua watu wale wale na kuwapima kama makundi mawili tofauti. Watu wale wale, jaribio lake ni la McNemar, nalo linawatazama waliobadilika tu. Tuseme 12 walisema ndiyo mwanzo kisha hapana, na 3 walikwenda kinyume. Kwa hesabu kamili p ni 0.035. Wale ambao jibu lao halikubadilika hawaingii kwenye hesabu, hata wakiwa mia. Ili uoanishe karatasi mbili bila ya jina, mwache kila mtu ajitungie alama: herufi ya kwanza ya jina la bibi yake, tarehe aliyozaliwa mdogo wake, na mfano wa hayo ambayo atayakumbuka na wewe huwezi kuyajua.

Makosa madogo ya kuandika

Programu ikikuonyesha 0.000, andika p < 0.001, uwezekano haukuwa sifuri, umekatwa tarakimu. Ukipata p ya 0.03 usiandike kwamba nadharia yako ni kweli kwa asilimia 97. Kosa hili limezagaa kiasi kwamba Jumuiya ya Wanatakwimu ya Marekani mwaka 2016 ilitoa tamko rasmi kuhusu p, na moja ya misingi yake ni hilo: p haipimi uwezekano wa nadharia kuwa kweli. Na kizingiti cha 0.05 si sheria. Ni mazoea yaliyoenezwa na Ronald Fisher katika miaka ya 1920. p ya 0.049 na ya 0.051 zinasema kitu kimoja.

Chumba chenye mtu mmoja

Dalili hii kompyuta haiionyeshi, na hakuna p itakayobadilika ukiiacha. Pita kwenye majedwali yako yote, hata yale ya viambatisho, utafute namba 1 na 2.

Niliwahi kuletewa tasnifu iliyokuwa safi kwa hesabu. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na jedwali la jinsia, mwaka wa masomo, wilaya ya nyumbani na jibu la swali la pombe. Katika safu ya wanawake wa mwaka wa tatu waliotoka wilaya moja ya Pemba, chini ya "ndiyo", pameandikwa 1. Chuo kile hakikuwa kikubwa. Wanawake wa mwaka ule waliotoka wilaya ile walikuwa wanahesabika kwa vidole, na tasnifu inawekwa maktaba ambapo yeyote anaifungua. Binti yule alitumbukiza karatasi yake kwenye sanduku akiamini hakuna atakayejua. Tulikaa na mwenye tasnifu jioni ile tukaiondoa safu ya wilaya, tukaunganisha miaka ya masomo kuwa miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho, na kila chumba kilichobaki na watu chini ya 5 tukakiandika "chini ya 5". Jumla za pembeni nazo tulizikadiria kwa makumi, kwa sababu mtu akiwa na jumla anaweza kutoa akapata kilichofichwa. Kisha tukarudi kwenye faili la data lenyewe, tukaifuta safu ya wilaya na humo pia, kabla halijakabidhiwa.